Mkono Ambao Sikuubariki

Binti yangu aliingia Jumapili ile akaketi mezani bila kuvua koti. Katika nyumba yangu koti huvuliwa mlangoni, kwa mvua au kwa jua, na tangu tuhamie hapa Uccle, mtaa wa Bruxelles, hakuna aliyewahi kulisahau hilo. Kwa hiyo nilijua, kabla hajafungua kinywa, kwamba amekuja na neno linalomtia haraka.

Anayeandika maneno haya ni mwanawe, mjukuu wangu. Mimi sikupelekwa shule. Nasema, naye anaandika, kisha ananisomea nijue kama ameongeza. Nimemkataza kumpamba mama yake. Nimemkataza pia kumtetea.

"Maman," binti yangu alisema, "bananiita ku wizara ya ulinzi."

"Vua koti kwanza."

Akalivua, akalitundika, akarudi.

"Sasa sema. Banakuita ufanye nini?"

"Waziri anataka nikuwe muntu wake wa karibu. Kuko mambo nitakuwa nasaini pa nafasi yake. Makambi, mafunzo ya askari, makubaliano na majeshi ya inchi zingine."

"Na bunge?"

"Nitaliacha. Banataka jibu mbele ya mwisho wa mwezi." Akapanga kijiko na sahani yake vizuri, kama afanyavyo kila anapotaka kuniomba kitu. "Alors, nimekuja ju ya maji."

Maji aliyoyataja ni desturi ya nyumba yetu, tuliyotoka nayo Bukavu bila kuiweka kwenye sanduku lolote. Mtoto anapopewa kazi ya kuongoza watu, hupiga magoti mbele ya mzazi wake. Mzazi huchukua maji kinywani, humnyunyizia kichwani, kifuani, mikononi na miguuni, na kila anaponyunyiza huitaja kazi yenyewe na kumtakia mema ndani yake. Mengine yanaweza kupunguzwa. Kuitaja kazi hakupunguzwi. Mzazi asiyeweza kuitaja kazi ya mtoto kwa moyo mweupe hawezi kubariki, na akijilazimisha, atakuwa amemlowesha mtoto tu. Sisi ni watu wa kanisa, na sala ya mchungaji naiheshimu. Lakini sala ya mchungaji ni ya mchungaji.

"Sitakupa," nikamwambia.

Hakubishana. Aliosha mikono, akala bugali na sombe ya majani ya muhogo mpaka sahani ikawa safi, kwa kuwa katika nyumba yangu mtu aliyekataliwa jambo hakatai chakula. Alipoondoka alisema jambo moja tu: bila maji hataichukua kazi ile. Hakulisema kwa kunitisha. Alilisema kama mtu anayetoa taarifa ya treni.

Inafaa nieleze mtu huyu ametoka wapi, ili ijulikane nilikuwa nikimnyima nani.

Tulipofika mji huu tulikaa katika chumba kimoja karibu na Flagey, mimi, marehemu mume wangu na yeye. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kifaransa alikuja nacho kidogo, Kiholanzi alikiokota hapa, na haukupita muda mrefu mama wa kanisa letu wakawa wanakuja kumwomba awasindikize kwenye ofisi za komini, yaani za manispaa, awasemee. Nilimruhusu kwa sharti kwamba aseme yale aliyoambiwa na yule mama, si yale anayodhani yangemsaidia. Mara moja alimsemea jirani yetu vizuri kupita kiasi, akamwongezea ugonjwa asiokuwa nao. Nilimrudisha kwenye ofisi ileile kesho yake auondoe ugonjwa ule kwa kinywa chake. Mhudumu wa dirishani alicheka sana. Mimi sikucheka.

Akasoma sheria. Akafanya kazi na wapangaji waliokuwa wakifukuzwa katika nyumba zao. Chama kikamwomba jina lake liwekwe kwenye orodha ya uchaguzi wa bunge la mkoa wa mji huu, na kikaliweka chini kabisa, pale wanapowekwa watu wa kupamba karatasi. Lakini katika nchi hii mpiga kura anaweza kuliacha jina la juu na kuchagua la chini akipenda. Mama wa kanisa walipenda. Wauza samaki wa soko la Flagey walipenda. Wapangaji waliobaki katika nyumba zao walipenda. Akaingia.

Siku ya kuapa nilikaa juu, mahali pa wageni. Mlinzi mmoja alinijia kwa heshima akaniomba nisipige vigelegele, kwa kuwa bunge lina utaratibu wake. Nilimjibu kwamba sikuwa nimekusudia kupiga. Aliyepiga alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye watoto wote wanamwita tonton, na alipiga kwa sauti ambayo mwanamume hapaswi kuwa nayo.

Maji ya ubunge nilimpa bila kusita. Kazi ile niliweza kuitaja: kuwasemea watu. Nilikuwa nimeiona tangu akiwa mdogo. Na miaka ile alikuja kila Jumapili akatueleza mambo ya mabasi, ya takataka, ya kodi za nyumba, nami niliyaelewa yote, kwa sababu ni mambo ambayo mtu anayaona akifungua dirisha.

Kilichompeleka ulinzi ni kambi ya zamani. Mkoa ulitaka kuigeuza kambi moja ya askari iwe makao ya watu, nao askari hawakuwa na haraka ya kuiacha. Yeye ndiye aliyeongoza mazungumzo. Wenzake walikuwa wakiwakata maneno maofisa. Yeye aliwaacha wamalize, kwa sababu kwenye meza yangu hakuna anayemkata mtu neno. Maofisa hawakuwa wamezoea kumaliza. Wakampenda, kambi ikatolewa, na waziri akasikia habari zake.

Basi nilikuwa nimekataa, na nilitaka jambo libaki kati yake na mimi. Halikubaki.

Tonton alikuwa ameambiwa habari ya wizara, lakini hakuwa ameambiwa habari ya maji. Jumapili iliyofuata, saa ya matangazo kanisani, alisimama, akaweka vizuri tai yake, akasema: "Bandugu, mutoto wetu anakamata jeshi ya Ubelgiji!"

Watu wakapiga makofi. Binti yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, akanong'ona kwa nguvu: "Si jeshi, tonton. Ni wizara."

"Wizara, jeshi, ni ile ile," tonton akamjibu mbele ya watu wote. "Muntu anakamata kichwa ya ng'ombe, mukia itaenda wapi?"

Makofi yakaongezeka. Kabla ya wimbo wa mwisho kamati ya mama ilikuwa imeanza kupanga sherehe, na kwetu sherehe haiwi sherehe mpaka mama wote washone kitenge kimoja.

Jumamosi, mwenyekiti wa kamati alikuja kwangu na kipande changu. Ni mama mwema, mzaliwa wa Lubumbashi, mwenye kicheko kinachosikika ghorofa ya chini. Alikifungua kitambaa juu ya meza yangu kwa mikono miwili kama anayetandika kitanda cha mgeni. Kilikuwa cha kijani, chenye mabaka meusi na ya udongo.

"Maman, tumetafuta duka zote za Matongé. Hii njo inaenda na kazi."

"Hii ni nguo ya askari."

"Ni kitenge, Maman! Angalia muzuri, kuko maua."

Niliangalia. Ni kweli, ndani ya mabaka palikuwa na maua madogo.

"Mumekwisha kukata?"

"Bote bamekwisha kupeleka kwa fundi. Mimi naweka na mikono ya kupuliza, hivi." Akanionyesha jinsi mabega yatakavyovimba.

"Kwetu," nikamwambia, "raia aliyekutwa na nguo ya namna hii alivuliwa barabarani."

"Lakini hapa ni Bruxelles, Maman."

"Najua ni Bruxelles. Ndiyo maana nimekupa kiti."

Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki, akaacha. Nilikikunja kitambaa kwa mistari yake, nikamrudishia, nikamweleza kwa upole kwamba sherehe imetangulia maji, na kwamba maji sijayatoa. Alishika kinywa. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa nje ya nyumba yetu, na hadi jioni hakukuwa na wa mwisho, kwa kuwa wote walikuwa wameshaambiwa.

Tonton akaita kikao cha familia. Alikuwa na haki hiyo: tangu mume wangu afariki, yeye ndiye mwanamume mkubwa wa ukoo katika nchi hii. Tulikutana sebuleni kwangu baada ya ibada. Walikuja binamu wawili kutoka Liège, mwenyekiti wa kamati akaja bila kualikwa, na binti yangu akaketi kwenye kigoda katikati.

Katika kikao chetu, mwenye shauri hasemi. Anaketi chini kuliko wengine, na msemaji anamsemea. Ni sheria ngumu, lakini ina sababu: mtu hulisikia vizuri jambo lake likiwa kinywani mwa mwingine. Hivyo binti yangu, ambaye mawaziri walikuwa wakinyamaza ili wamsikilize, alikaa kwenye kigoda na magoti yake karibu na kidevu, na tonton akasimama kumsemea.

"Maman," tonton alianza, "mutoto wetu anaenda kulinda mipaka yote ya Ulaya."

Binti yangu aliinua kidole.

"Shusha," nikamwambia. "Hapa si bungeni."

Binamu wakacheka ndani ya vikombe vyao vya chai. Tonton akaendelea. "Bon. Kama si yote, ni mingi. Maman, nakuomba, usifananishe jeshi ya huku na ya kule. Huku askari analipa tiketi ya tramu! Nimemuona na macho yangu. Huku askari akikukanyaga anasema pardon."

"Yule aliyekuja nyumbani kwangu pia alisema pardon," nikajibu.

Sikuwa nimepanga kulisema. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya kikao, na katika kikao mtu hutoa sababu yake au hunyamaza na kukubali. Nikatoa sababu.

Mbele ya mlango wetu wa Bukavu yalipita majeshi mengi, na kila moja lilisema limekuja kutulinda. Waliovunja mlango siwakumbuki sura. Waliobeba magodoro yetu siwakumbuki. Ninayemkumbuka ni ofisa mmoja aliyebisha hodi. Alifuta viatu. Alisema pardon kwa kuingia saa ya chakula. Mume wangu alikuwa akila maharage. Ofisa yule aliisogeza sahani kando taratibu, asije akaichafua karatasi yake, akatoa kalamu. Alimwita mume wangu papa. Alimwuliza jina, akaliandika, akatia sahihi chini, kisha akaupulizia wino ukauke. Mkono wake ulikuwa safi, kucha zimekatwa. Hakumgusa mume wangu. Aliaga.

Baadaye vijana wenye bunduki walikuja na karatasi ile, wakamchukua mume wangu na wanaume wengine wa mtaa wetu kubeba masanduku ya risasi milimani. Alirudi maharage ya shambani yakiwa yameshavunwa tena. Bega lake la kuume lilikuwa limeshuka, na halikupanda tena. Kila suti aliyoivaa katika mji huu ilimning'inia upande mmoja, mpaka fundi wa Kituruki alipomtilia sifongo ndani ya bega. Alifia hapa, kwenye kitanda safi, bila kumsimulia mtu habari hiyo.

"Waliompiga njiani sijui ni akina nani," nikamaliza. "Mimi namjua aliyesaini."

Tonton alikuwa bado amesimama. Alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia.

"Yaya, ndugu yangu mukubwa, aliniambia alianguka kwa lori," alisema.

"Ndivyo alivyotaka ujue."

Nilikwenda jikoni kuongeza maji ya chai, na binti yangu akanifuata. Jikoni si kikaoni. Humo aliweza kusema.

"Maman, ule muntu mimi namukumbuka. Alinipatia bonbon."

Sikujua kwamba anakumbuka. Alikuwa mdogo mno.

"Uliitoa mu kinywa yangu na kidole," akasema. "Nililia ju ya bonbon. Papa anaenda, na mimi nalilia bonbon."

"Ulikuwa mutoto."

"Sasa siko mutoto. Njo maana nataka kuwa pale mahali banasaini."

"Kila muntu anayeingia pale anasema vile."

"Ndiyo. Na mimi nasema." Alichukua birika mkononi mwangu akalijaza yeye. "Ukikatala, nitamupigia waziri, nitamuambia hapana. Sitakasirika, Maman."

Nilimjua. Hangekasirika. Angerudi kwenye mabasi na kodi za nyumba, angekuja kila Jumapili, angevua koti mlangoni, na katika maisha yake yote nisingesikia lawama. Mtoto wa kunilaumu ningemkatalia kwa wepesi zaidi.

Nilirudi sebuleni nikamwambia tonton alete kikombe cha maji. Alikileta kikiwa kimejaa mno, kikimwagika kwenye zulia. Binti yangu akatoka kwenye kigoda, akapiga magoti. Nilichukua maji, nikanyunyiza kichwa, nikaitaja kazi kwa namna nilivyoweza kuitaja kweli: kuwaangalia wenye silaha. Kichwa kisilewe heshima za wenye silaha. Nikanyunyiza kifua: kisizoee. Nikanyunyiza mkono wa kushoto: uwasaidie walio wagonjwa, na wake wa askari, na watoto wao, kwa maana hao nao ni watu. Nikanyunyiza miguu: ijue njia ya kutoka.

Kisha nikakiweka kikombe mezani.

Tonton alisubiri. Binti yangu alikuwa bado ameunyosha mkono wa kuume.

"Huu unaandika," nikasema. "Utabaki mkavu mpaka nione unaandika nini."

"Maman!" Tonton alisahau huzuni yake. "Baraka ya nusu haiko!"

"Sasa iko."

"Hata gari haiendi na magurudumu matatu!"

"Itaenda polepole. Ndivyo ninavyotaka."

Mwenyekiti wa kamati aliuliza kwa sauti ndogo kama basi sherehe ipo. Nilimwambia ipo, na wavae walichoshona. Nguo iliyokwisha kukatwa haina kosa. Mimi nilivaa ya bluu. Katika picha ya siku ile mama wote wamesimama na mabega yaliyovimba kama kikosi kilichokula vizuri, na binti yangu yuko katikati, ameweka mkono mmoja nyuma. Sijui kama alifanya makusudi.

Akaanza kazi. Nilizoea kumsikia akitajwa na watu nisiowajua. Safari moja katika metro ya kuelekea Schuman, wanawake wawili wa usafi wa ofisi walikuwa wakimzungumza kwa Kiswahili; mmoja alisema amekuwa mkubwa na hatatukumbuka, mwingine akasema viatu vyake ni vya bei ndogo kwa kazi ile. Sikujitambulisha. Kuhusu viatu yule wa pili alisema kweli, nami nilimwambia binti yangu Jumapili iliyofuata anunue vingine.

Kila Jumapili alinieleza alichotia sahihi, vile vilivyoruhusiwa kuelezwa. Vingine hakuvieleza, na sikumshinikiza. Nyumba yoyote ina chumba kisichofunguliwa kwa wageni. Kuhusu vile alivyovieleza nilikuwa na swali moja: nani atabeba? Magodoro mapya ya kambi: nani atabeba? Kikosi kinachohamishwa kwenda kaskazini: nani atabeba, askari mwenyewe au mkewe atakayeacha kazi yake? Mwanzoni alinijibu kama mbunge, kwa maneno mengi. Nilimwachia amalize, kisha nikauliza tena. Baadaye akawa anakuja na jibu tayari, na baadaye zaidi akaanza kuliuliza swali lile kabla ya kutia sahihi. Alinieleza kwamba wenzake wizarani walimpa jina kwa siri, Madame Demain, yaani Bi Kesho, kwa kuwa hakuna karatasi aliyoitia sahihi siku ileile iliyofika mezani.

"Inakuumiza?" nikamwuliza.

"Hapana. Waziri njo inamuumiza."

Alikuwa amerudisha baadhi ya karatasi bila sahihi. Moja ilimletea maneno makali, na kwa majuma kadhaa alikula kidogo. Sikumsifu. Sikuona sababu ya kumsifu mtu kwa kufanya kazi aliyoiomba. Lakini nilianza kuutazama mkono ule alipokuwa akikata mkate au akimfunga mwanawe skafu, na mwaka huu, majira ya maua yalipoanza, nikaamua moyoni kwamba wakati umefika.

Sikumwambia mtu. Jumapili ile, baada ya kula, nilimwomba akae nami mwanawe alipokuwa akiosha vyombo. Nilijaza kikombe mwenyewe. Alipokiona alielewa, akapiga magoti bila neno. Nilichukua maji kinywani, nikanyosha mkono wangu niushike ule wake wa kuume.

Akaurudisha kifuani.

"Hapana, Maman. Leo hapana."

Nilikuwa na maji kinywani. Sikuweza kumjibu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema mbele yangu akijua kwamba sitajibu, na hakuitumia nafasi hiyo vibaya.

"Kesho kuko karatasi," alisema. "Ya kwetu. Wakufunzi ba jeshi ya huku bataenda kufundisha askari ba kule. Hata Bukavu bataenda. Nimeuliza nani atabeba. Nimeuliza sana, Maman, bote banajua sasa ile swali yako. Sina jibu muzuri. Niko na jibu ya nusu. Nimeongeza mustari mbili ndani: askari akigusa raia, mafunzo inasimama. Bamekubali kuziandika. Sijui kama batazifuata."

Alinitazama aone kama namfuata. Nikaitikia kwa kichwa aendelee.

"Nitasaini. Nisiposaini, bengine bataenda, na bao hawataongeza mustari hata moja. Lakini kama itaharibika, sitaki kinywa yako ikuwe ndani. Papa alikuwa ndani ya karatasi ya bantu. Wewe usiingie ndani ya yangu."

Maji ya baraka hayamezwi, na hayarudishwi kikombeni. Sikuwahi kuona mzazi aliyebaki nayo. Nilisimama, nikafungua mlango wa roshani, nikayatema kwenye chungu cha maua kilichokuwa karibu.

"Maman!" Alikuwa bado magotini. "Ile ni maua ya voisine wa mulango ya kando! Ametuomba tumuchungie tu!"

"Basi ua hilo litagombea ubunge," nikasema, kwa kuwa sasa kinywa kilikuwa wazi.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mwanawe alitoka jikoni na povu mikononi kuuliza kuna nini, akaambiwa arudi kwenye vyombo. Hilo nalo analiandika sasa kwa uso usiopendezwa.

Nilimwambia binti yangu ainuke, sakafu ina baridi. Nilimwambia pia kwamba sikubaliani naye, kwamba mistari miwili haijawahi kumzuia mwenye bunduki, na kwamba sina karatasi nyingine bora ya kumpa. Alisema anajua. Alikunywa chai iliyobaki, akavaa koti mlangoni, akanibusu kama kawaida.

Kesho yake alinipigia simu mchana.

"Nimesaini, Maman."

"Nimesikia."

Hakukata, nami sikukata. Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza Kifaransa na mlango ukifungwa.

"Jumapili utakuja?" nikauliza.

"Nitakuja."

"Kuja na huo mukono wako tuuangalie."

"Utakuwa na wino," akasema, na akakata simu kabla yangu, jambo ambalo siku nyingine ningemkataza.